Simu mkononi, maradhi kiwandani: Maisha ya wanaotengeneza vifaa vya kisasa

MFANYAKAZI wa kiwanda cha kutengenezea chipu za simu na kompyuta haingii kazini hivi hivi. Kwanza huvua viatu alivyotoka navyo nyumbani. Kisha hupita katika kijumba chenye upepo mkali unaovuma kutoka pande zote ili kumtoa kila chembe ya vumbi. Huvaa kofia, barakoa, glavu na vazi jeupe linalomfunika kuanzia utosini hadi nyayoni, akaonekana kama mtu aliye safarini kwenda mwezini. Poda, wanja na rangi ya midomo ni marufuku. Ukimwona pichani utasema huyu amelindwa kuliko hata daktari aliye katika chumba cha upasuaji.

Mambo sivyo yalivyo. Vazi lile halikushonwa ili kumlinda mfanyakazi. Lilishonwa ili chipu isichafuliwe na mfanyakazi, kwa maana unywele mmoja au kipande cha ngozi kikavu kikianguka juu ya kisahani cha silikoni huharibu kazi ya siku nyingi. Vichujio vilivyo darini navyo hunasa vumbi peke yake. Mvuke wa kemikali ni mwepesi, hupenya, na kwa kuwa ni ghali kuandaa hewa mpya yenye usafi wa kiwango hicho, sehemu kubwa ya hewa hurudishwa chumbani ikavutwa tena na tena.

Ni vyema msomaji aliweke jambo hilo akilini. Sifa ya viwanda hivi, tangu vilipoanza, ni kwamba ni visafi, havina moshi wala masizi kama vile vya chuma au saruji. Sifa hiyo ndiyo iliyowavuta vijana wengi, hasa wasichana waliotoka tu shuleni, na wazazi wao wakashukuru Mungu kwamba mtoto amepata kazi ya heshima ndani ya jumba lenye hewa baridi.

Msichana wa Sokcho

Miongoni mwao alikuwa Hwang Yu-mi, msichana kutoka Sokcho, mji wa wavuvi ulio pwani ya mashariki ya Korea Kusini. Babake, Hwang Sang-ki, alikuwa dereva wa teksi. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, Yu-mi aliajiriwa na Samsung Electronics katika kiwanda chake cha Giheung, kusini mwa Seoul. Kwa familia ya dereva wa teksi, jina la Samsung lilikuwa sawa na kusema mtoto ameingia serikalini. Mshahara ulikuwa mzuri, kulikuwa na bweni, na msichana alitarajia kumsaidia nduguye masomo.

Kazi yake ilikuwa kutumbukiza visahani vya silikoni ndani ya kemikali, kuvitoa, kuvisuuza na kuvipeleka mbele. Katika laini aliyofanyia kazi mengi yalikuwa bado yakifanywa kwa mikono. Alifanya kazi kwa zamu, leo asubuhi, wiki nyingine usiku. Hakuna aliyemwambia kwa kirefu ni kemikali gani zile, na yeye hakuuliza. Mtoto wa miaka 18 aliyepata kazi anayoonewa wivu na kijiji kizima ataulizia nini?

Mwaka 2005 alianza kuchoka ovyo. Alitapika, akapata kizunguzungu, na mwili ukaota alama za uvilio kana kwamba amepigwa. Hospitali iligundua kwamba ana lukemia kali, aina ya saratani ya damu. Alitibiwa kwa dawa, akapandikizwa uboho, akapata nafuu, halafu ugonjwa ukamrudia. Tarehe 6 Machi, 2007, babake akiwa anamrudisha nyumbani kutoka hospitalini, Yu-mi alifariki katika kiti cha nyuma cha teksi ya babake. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Hapo yangeishia. Lakini mwanamke aliyekuwa akifanya kazi pamoja naye, sehemu hiyo hiyo ya laini hiyo hiyo, alikuwa amefariki miezi michache kabla yake. Ugonjwa wake pia ulikuwa lukemia. Mzee Hwang hakuwa na elimu ya sayansi, lakini hesabu hiyo haikuhitaji elimu. Lukemia ya aina hii hupata watu wachache sana katika kila laki moja kwa mwaka, na wengi wao ni wazee. Iweje iwapate wasichana wawili waliosimama karibu karibu kwenye kazi moja?

Lukemia ni nini?

Ndani ya mifupa yetu mna uboho, ute laini ambao ndio kiwanda cha damu. Humo hutengenezwa chembechembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembechembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na vigandisha damu vinavyoziba jeraha. Katika lukemia, chembe changa nyeupe huanza kuzaana bila mpango, nazo hazikomai. Hujaa ndani ya uboho zikawasonga wenzao. Ndiyo maana mgonjwa huwa mweupe wa midomo na mchovu kwa kukosa chembe nyekundu, hushikwa na homa zisizokwisha kwa kukosa chembe nyeupe zilizokomaa, na hutoka damu kwenye fizi au puani na kupata alama za uvilio kwa kukosa vigandisha damu.

Mara nyingi daktari hawezi kumwonyesha mgonjwa mmoja chanzo cha saratani yake. Lakini zipo sababu zinazojulikana wazi. Benzini, ambayo hupatikana katika petroli na katika viyeyusho vingi vya viwandani, imethibitishwa kuwa huleta lukemia. Vivyo hivyo miale mikali kama ile ya eksirei. Ugonjwa wenyewe hauji siku ile ile. Huenda ukachukua miaka kadhaa tangu mtu alipovuta mvuke hadi damu ikaharibika, na kufikia wakati huo pengine ameshaacha kazi, ameolewa, yuko mji mwingine, na kiwanda kimekwisha kubadilisha mitambo.

Hapa ndipo mzigo wa kutoa ushahidi ulipomwelemea mzee Hwang. Alipopeleka madai kwa shirika la serikali la fidia za wafanyakazi, ilimlazimu yeye athibitishe kwamba kazi ndiyo iliyomwua binti yake. Ili athibitishe alihitaji kujua kemikali zilizotumiwa. Orodha ya kemikali ilikuwa mikononi mwa kampuni, nayo kampuni ilisema mengine ni siri za biashara. Mnamo Agosti 2016, shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba hata maafisa wa serikali walikuwa wakiiruhusu kampuni kuzuia habari hizo zisiwafikie wafanyakazi waliougua. Sijui daktari gani anaweza kutibu, sembuse wakili kutetea, bila kuambiwa mtu alikuwa akivuta nini.

Siku 1,023 barabarani

Mwezi Novemba 2007, mzee huyo, wanaharakati na madaktari wachache waliunda kikundi kinachojulikana Korea kama Banolim. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutafuta wagonjwa wengine. Wakaja. Wengine walikuwa na lukemia, wengine uvimbe wa ubongo, wengine saratani ya matiti, wengine magonjwa ya mishipa ya fahamu. Kufikia 2018 kikundi hicho kilikuwa kimeorodhesha zaidi ya watu 300 waliougua, na zaidi ya 100 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi walikuwa wamefanya kazi Samsung, japo si wote.

Kampuni ilikana kuwapo uhusiano wowote. Mwaka 2011 ilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa kampuni ya Marekani waliolipwa nayo, ambao walisema hawakuona ushahidi kwamba viwanda vilileta saratani. Haki itendeke kwa kusema kwamba sayansi yenyewe haikuwa nyepesi. Viwanda hubadilisha kemikali kila baada ya muda mfupi, wafanyakazi ni vijana wenye afya waliochaguliwa, na saratani ni ugonjwa wa nadra katika umri huo. Kupima hewa ya leo hakumwambii mtu hewa ya 2003 ilikuwaje.

Hata hivyo, Juni 2011 mahakama ya masuala ya utawala mjini Seoul iliamua kwamba ugonjwa wa Hwang Yu-mi na wa mwenzake ulitokana na kazi. Jaji alikiri kwamba chanzo hakikuthibitishwa bila shaka yoyote kisayansi, lakini akasema inafaa kuhitimisha kwamba kemikali na miale iliyowafikia kwa muda mrefu ilileta ugonjwa huo, au angalau iliuharakisha. Familia nyingine tatu zilizoshtaki pamoja nao zilishindwa. Agosti 2014 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Kisha Agosti 2017 Mahakama ya Juu, ikishughulikia kesi ya mwanamke aliyepata ugonjwa wa mishipa ya fahamu baada ya kutengeneza vioo vya skrini, ikasema neno kubwa zaidi: ikiwa ushahidi umekosekana kwa sababu kampuni au serikali imekataa kutoa habari, basi upungufu huo uhesabiwe kwa faida ya mgonjwa.

Mahakama ni kitu kimoja, kampuni ni kingine. Mei 2014 mkuu mmoja wa Samsung aliomba radhi hadharani, lakini mazungumzo kuhusu fidia yakavunjika. Oktoba 2015 wanaharakati walipiga hema nje ya majumba ya kampuni hiyo katika mtaa wa Gangnam, ule wa matajiri, wakakaa hapo kwenye theluji na kwenye joto kwa siku 1,023. Waliondoka Julai 2018 pande zote zilipokubali uamuzi wa mpatanishi. Novemba mwaka huo kampuni iliomba radhi rasmi, ikakiri kwamba haikudhibiti vya kutosha hatari za kiafya katika viwanda vyake vya chipu na vya skrini, na ikakubali kulipa hadi won milioni 150 kwa mgonjwa mmoja. Wanaohusika ni wale waliofanya kazi huko kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi tangu 1984, na dirisha la madai liliwekwa wazi hadi 2028, kwa ajili ya wale ambao maradhi yao hayajajitokeza.

Mwaka uliofuata, Mei 2019, shirika la serikali la usalama kazini lilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia wafanyakazi wapatao 200,000 wa viwanda vya chipu vya Korea kwa miaka kumi. Ilionekana kwamba wanawake wa viwanda hivyo walikuwa katika hatari ya kufa kwa lukemia mara 2.3 zaidi ya wafanyakazi wengine nchini.

Yalijulikana zamani

Linalochoma roho ni kwamba onyo lilikuwa limetolewa zamani, na si Korea. Katika miaka ya 1980, chipu nyingi zilikuwa zikitengenezwa Marekani. Wanawake wa kiwanda cha kampuni ya Digital Equipment huko Hudson, Massachusetts, walianza kuulizana mbona mimba zao zinaharibika. Kampuni ikaagiza uchunguzi kutoka Chuo Kikuu cha Massachusetts, na matokeo yake yalipotoka 1986 yalionyesha kwamba katika baadhi ya kazi mimba ziliharibika karibu mara mbili ya kawaida. Watengenezaji wengine hawakuamini. Wakaagiza tafiti zao, mmoja kwa IBM kupitia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mwingine wa chama cha watengenezaji kupitia chuo kikuu kilichoko California. Kufikia 1992 zote mbili zilikuwa zimerudi na jibu lile lile. Lawama iliangukia kundi la viyeyusho viitwavyo etha za glaikoli, nazo kampuni za Marekani zikaahidi kuziondoa.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa tayari inahamia Asia. Mwaka 2017 jarida la Bloomberg Businessweek lilichapisha ripoti ndefu iliyoonyesha kwamba kemikali hizo zilikuwa bado zikipatikana katika bidhaa zilizotumiwa viwandani Korea, miaka mingi baada ya ahadi zile. Wanawake wa huko walikuwa wakisimulia habari ya hedhi kuvurugika na mimba kutoka, na wengi walifikiri ni bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja.

Kiyeyusho kinachokauka upesi

Tuhamie China, ambako hadithi ni nyingine lakini somo la kitabibu ni wazi zaidi. Mjini Suzhou kulikuwa na kiwanda cha kampuni ya Wintek ya Taiwan kilichotengeneza skrini za kugusa za simu za Apple. Skrini ikimalizika hufutwa kwa kitambaa chenye kiyeyusho ili isibaki na alama za vidole. Awali walitumia alkoholi. Baadaye kiwanda kilibadilisha, kikaleta heksani, ambayo hukauka haraka zaidi, hivyo mfanyakazi mmoja hufuta skrini nyingi kwa saa moja. Vyumba vilifungwa kuzuia vumbi, na njia ya kutoa mvuke haikutosha.

Katika 2009 wafanyakazi walianza kulalamika kwamba vidole vinafa ganzi. Wengine hawakuweza kufunga vifungo vya shati. Wengine walianguka wakipanda ngazi. Kufikia mwanzoni mwa 2010 palizuka mgomo, na mwaka 2011 Apple yenyewe ilikiri katika ripoti yake kwamba watu 137 waliathiriwa.

Heksani ikivutwa huingia kwenye damu na kufika katika ini. Ini, likijaribu kuiondoa, huibadilisha kuwa sumu nyingine kali zaidi, na sumu hiyo hushambulia mishipa ya fahamu. Mishipa mirefu ndiyo huumia kwanza, ndiyo sababu ganzi huanzia vidole vya miguu, ikapanda, kisha ikafika mikononi. Jambo la kushangaza ni kwamba mgonjwa akitolewa kazini anaweza kuzidiwa kwa wiki kadhaa kabla ya kupata nafuu, hata jamaa wakadhani dawa za hospitali ndizo zinazomdhuru. Kupona huchukua miezi mingi, kwa wengine zaidi ya mwaka, na walioumia sana hubaki na udhaifu.

Haya nayo hayakuwa mageni. Katika miaka ya 1960 mafundi wa viatu nchini Japan na Italia walipooza miguu kwa sababu ya gundi yenye heksani. Ilimchukua Apple hadi Agosti 2014 kupiga marufuku heksani na benzini katika viwanda vinavyomalizia kuunganisha bidhaa zake.

Saa nyingi, usingizi kidogo

Si kila dhara hupitia puani. Mwaka 2010 dunia ilishtuka kusikia kwamba wafanyakazi vijana wa Foxconn, kampuni ya Taiwan inayounganishia simu na kompyuta makampuni mengi makubwa, walikuwa wakijirusha kutoka kwenye maghorofa ya mabweni yao. Waliofariki mwaka huo walikuwa 14, wengi wakiwa katika kiwanda kikubwa cha Longhua, mjini Shenzhen, chenye wafanyakazi laki kadhaa. Kampuni ilitandaza nyavu kuzunguka majumba, ikaongeza mshahara wa msingi kutoka yuan 900 hadi 1,200 kwa mwezi, na hata kuwaita watawa wa Kibudha.

Walikuwapo waliosema kwamba, ukigawanya idadi hiyo kwa wafanyakazi wote wa kampuni, si kubwa kuliko ya China nzima. Hesabu hiyo inapotosha. Inawalinganisha vijana wenye kazi na mshahara na taifa zima, pamoja na wazee na wagonjwa wa mashambani. Kipimo kinachofaa ni maisha yenyewe yalivyokuwa: kufunga skrubu ile ile maelfu ya mara kwa siku bila kuzungumza na jirani, kulala chumba kimoja na wageni wa zamu tofauti, na kuwa mbali na wazazi. Mwaka 2012 wakaguzi wa shirika la Fair Labor Association waliwahoji wafanyakazi wapatao 35,000 katika viwanda vitatu vya Foxconn. Waligundua kwamba wakati wa kazi nyingi watu walifanya kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki, ilhali sheria ya China inaruhusu saa 40, pamoja na saa za ziada zisizozidi 36 kwa mwezi mzima. Wengi waliohojiwa walisema mshahara wa msingi hautoshi, kwa hivyo wao wenyewe walitaka saa za ziada.

Zamu ya usiku nayo ina gharama yake. Mwili una saa yake ya ndani inayotawala usingizi, sukari na homoni, nayo haibadiliki kwa amri ya msimamizi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yakaleta saratani mnamo 2007, na likarudia uamuzi huo 2019.

Nani atapaza sauti?

Ajali zingali zinatokea. Januari 2013 asidi ya haidrofloriki ilivuja katika kiwanda cha Samsung cha Hwaseong, ikamwua mtu mmoja na kujeruhi wanne. Asidi hii ni ya hila. Haichomi tu ngozi kama asidi ya betri. Huzama hadi ndani, ikateka kalsiamu ya mwili, na moyo unaweza kusimama. Wauguzi wa viwanda vinavyoitumia hutakiwa wawe na dawa ya kalsiamu ya kupaka karibu nao. Mei 2024, huko huko Giheung alikofanya kazi Yu-mi, wafanyakazi wawili waliokuwa wakitengeneza kifaa cha kupimia kwa eksirei walichomwa vidole na miale. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba kile kizuizi ambacho kingezima miale mfuniko unapofunguliwa hakikuwa kikifanya kazi.

Kwa miongo mingi Samsung haikutaka kusikia habari za chama cha wafanyakazi. Mei 2020 Lee Jae-yong, mrithi wa kampuni hiyo, alitangaza kwamba msimamo huo umekwisha. Julai 2024 chama kikubwa zaidi cha wafanyakazi wake kiliitisha mgomo, jambo ambalo babake Yu-mi asingaliliota alipokuwa akizunguka peke yake na picha ya binti yake.

Na hapa kwetu?

Msomaji wa Nairobi au Mombasa anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu zaidi ya ile simu iliyo mfukoni. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, ipo kampuni inayotengeneza chipu. Kuunganisha simu si kazi yenye kemikali nyingi kama kutengeneza chipu, na hakuna lawama inayoelekezwa hapa kwa viwanda hivyo. Lakini sekta imeingia nchini, na vijana watapanga foleni kama walivyopanga wale wa Sokcho.

Tena, viyeyusho vyenyewe viko nasi tayari. Fundi wa magari anayenawa mikono kwa petroli, au anayeifyonza kwa mdomo kupitia mpira, anapata benzini yake bila kuvuka bahari. Fundi wa viatu anayepaka gundi katika kibanda kisicho na dirisha, na yule wa simu anayesafisha saketi kwa kiyeyusho asichokijua jina huku akiinamia moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya, wote wanavuta mvuke ambao hakuna aliyeupima. Kazi kama hizo zifanyiwe mahali penye upepo. Mikono inawe kwa sabuni. Chakula kisiliwe juu ya meza ya kazi, na mwanamke mjamzito asikae humo.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na kamati ya usalama ambamo wafanyakazi wamo. Inataka kemikali ziwe na vibandiko na karatasi ya maelezo ya usalama, na mfanyakazi ana haki ya kuielewa. Akiona hatari kubwa iliyo karibu, anaruhusiwa kuitaarifu na kujiondoa hadi irekebishwe. Kanuni za uchunguzi wa kimatibabu za 2005 zinataka wanaofanya kazi zenye hatari wapimwe kwa gharama ya mwajiri. Ile sheria ya fidia ya 2007, ambayo wengi huiita WIBA, haihusu vidole vilivyokatwa na mashine peke yake. Inahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi.

Kasoro huanzia mara nyingi katika chumba cha daktari. Mgonjwa hueleza homa na uchovu, hupewa dawa za malaria, akaenda. Kazi yake hutajwa kwa neno moja, "biashara" au "fundi", kama imetajwa. Ukienda hospitali na ganzi isiyoeleweka, alama za uvilio bila kuanguka, fizi zinazotoka damu, au mimba zinazoharibika moja baada ya nyingine, mweleze daktari unafanya kazi gani, tangu lini, unashika nini, kina harufu gani, na kama wenzako wana shida hiyo hiyo. Ikiwezekana chukua kibandiko cha chupa au mtungi uende nacho. Taja pia kazi ulizofanya zamani, hata kama ni miaka kumi iliyopita. Kipimo cha kuhesabu chembechembe za damu kinapatikana katika hospitali nyingi za kaunti, na lukemia ikishukiwa, mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa kupimwa uboho.

Mwajiri akikataa kutaja kemikali, malalamiko hupelekwa kwa maafisa wa idara ya serikali ya usalama na afya kazini, ambao wana mamlaka ya kuingia kiwandani na kukagua.